Kola Isiyofunga

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti linakuruhusu kukanyaga cherehani. Mimi mzima, ila joto la chumba cha pasi hapa hotelini linanimaliza. Wenzangu wananiita Mama Feni, maana sibanduki chini yake. Ninakula chakula cha watu wawili, na bado sketi zinanidondoka.

Nishonee gauni la kazini, la kola na vifungo mbele. Vipimo vipya, kwa inchi: shingo kumi na tano, kiuno ishirini na tano.

Mwanao


28 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalia kuliko cherehani, lakini kazi linafanya. Gauni hilo hapo.

Vipimo vyako vimenichekesha. Shingo ya mbeba mizigo, kiuno cha mtoto wa shule. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinipimia wateja na kusoma futi kinyumenyume. Mzee mmoja mzima suruali yake ikawa kaptula. Kwa hiyo nimeshona kwa daftari langu: shingo kumi na tatu, kiuno ishirini na nane. Niliviandika kwa wino siku uliyoondoka.

Babako


19 Machi

Baba,

Shikamoo, ingawa leo nakuamkia kwa nongwa. Kiunoni gauni linaning'inia kama limetundikwa msumarini, na kola haifungi. Nimejipima mara tatu, kisha mwenzangu akanipima. Kumi na tano. Safari hii futi niliishika sawasawa.

Mwandiko usiucheke, mkono unatetemeka. Moyo nao unakwenda mbio hata nikiwa nimekaa. Uchovu tu.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na nongwa nimeistahili. Barua yako ilipofika nilifungua daftari la zamani, ukurasa wa marehemu mama yako. Shingo kumi na tatu, mwaka uliofuata kumi na nne, kisha kumi na tano. Kiuno kinashuka. Mwandiko ni wangu. Kila mwaka nilimpandishia kola, majirani wakasema mke wangu ana madaha.

Unamkumbuka alivyokaa mlangoni akijipepea kwa kifuniko cha boksi la vifungo, sisi tumevaa sweta? Vikombe vikimponyoka, tukamwita Bi Haraka, naye anacheka. Moyo wake uliposimama, wewe una miaka tisa, watu walisema ni jambo la ghafla. Halikuwa la ghafla. Lilikuwa daftarini miaka mitatu.

Nimempelekea muuguzi wa zahanati vipimo vyako. Anasema mbele ya shingo kuna tezi yenye umbo la kipepeo, inaitwa thairoidi. Inatoa homoni zinazouambia mwili uende mwendo gani. Zikipungua, mtu husinzia, hunenepa, huona baridi. Zikizidi, ni cherehani ya mota ambayo fundi amekanyaga pedeli akasahau kuondoa mguu. Mfano huo ni wangu, yeye kaukubali.

Kapime damu. Kama hutaki kwenda kwa ajili yako, nenda kwa sababu nilishawahi kuandika vipimo hivi bila kuvisoma.

Babako


30 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Kimya chako kimefika salama. Jana nimemshonea mteja shati lenye mikono miwili ya kushoto. Niandikie, hata tarakimu tupu.

Babako


14 Juni

Baba,

Shikamoo. Nisamehe. Nilipimwa Aprili, nikaogopa kukuandikia kabla sijajua kama dawa zitanikubali. Homoni zilikuwa zimezidi mno. Nameza vidonge kila siku, vya tezi na vya kutuliza moyo. Nitavimeza mwaka mzima au zaidi, na damu ipimwe kila baada ya wiki chache.

Daktari aliuliza nani alinishtua. Nikasema fundi cherehani. Akauliza anatumia kipimo gani. Nikamwambia futi, barua na ubishi.

Ona mwandiko, mkono umetulia. Juzi asubuhi niliona baridi. Nikavaa sweta, nikakaa mlangoni, nikamkumbuka mama, nikalia kidogo.

Haya, shika kalamu kama zamani: shingo kumi na nne na nusu, kiuno ishirini na saba.

Mwanao


29 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako kwa wateja wawili, na mmoja hakuwa ameomba.

Lile gauni lirudishe. Kiuno tukiache, utakifikia mwenyewe. Kola nitaifumua niweke ya chini, iliyo wazi, kila anayekutazama aione shingo yako ilivyo.

Vipimo nimeviandika, safari hii kwa penseli. Mwezi ujao nitumie vingine. Ufutio nimeufunga kwa uzi kwenye daftari.

Babako