Siku Baba Alipokuja Kunitoa Kwenye Bendi

Mjukuu wangu Akinyi,

Hapa Nyamasaria tuko wazima. Babu yako anakula vizuri, na ng'ombe wetu amezaa.

Umeniuliza kama uache bendi ya chuo kwa kuwa baba yako amekasirika. Miaka ya sabini, nikisoma chuo kikuu Nairobi, mimi pia niliimba kwenye bendi ya wanafunzi. Likizo moja tulipiga alasiri Muhoroni, katika ukumbi wa wafanyakazi wa sukari. Katikati ya wimbo nikamwona baba yangu mlangoni, amekuja kunirudisha nyumbani. Mara stima ikapotea na magitaa yakanyamaza. Niliogopa, lakini nikaendelea kuimba kwa sauti yangu tu, na wakata miwa wakaitikia kwa makofi.

Baba akapenya watu hadi jukwaani. Nikaanza kushuka.

"Maliza kwanza," akasema. "Nyumba haihami."

Akasimama pale, naye akipiga makofi. Tulipotoka akamuuliza kiongozi wetu, "Kisumu mtapiga lini? Mama yake hajamsikia."

Kwa hiyo usibishane na baba yako kwa simu. Mwalike aje akusikie. Akikataa nitamleta mwenyewe, maana bado mimi ni mama yake.

Ni mimi nyanya yako, ninayekuombea kila asubuhi.