Spana ya Drago na Ubao wa Babu Yako

Vinski Breg 11,
kwa Kolednik, juu kabisa mlimani.
13 Novemba.

Mpendwa mpwa wangu Slavica,

Hujambo, mwanangu? Mumeo hajambo? Na wale wanao wawili niliowaona kwenye picha, wote meno tupu? Huko Australia joto limeanza, eti? Sisi huku tupo. Tilka wangu mgongo unamsumbua, lakini mdomo mzima. Mimi goti la kushoto limegoma, la kulia linafanya kazi ya mawili. Mvinyo mpya umetoka mzuri hata padri amekuja kuubariki mara tatu.

Sasa kaa chini, maana nina la kuungama. Mwaka jana nilikuandikia kwamba ubao wa babu yako uko salama kwenye klopotec yetu, ile mashine ya upepo ya kufukuzia ndege, unagongagonga na upepo, ndege hawagusi zabibu. Nilikudanganya. Ubao ulikuwa umeibwa.

Mama yako siku anaondoka kwenda Australia hakuomba shamba wala kitanda. Aliniambia tu, "Gustl, nitunzie ubao wa baba." Amekufa akijua nautunza. Basi fikiria nilivyokuwa nikila mkate wangu.

Ilikuwa miaka miwili iliyopita. Siku ya Martin Mtakatifu, mwezi wa kumi na moja, nilishusha klopotec kama desturi. Nyundo zake nane nikazipeleka jikoni juu ya jiko zikauke, ubao na boliti zake nikaviacha ghalani. Asubuhi ghala tupu. Mwizi kaondoka na sauti, kaniachia meno!

Nilimjua kwa harufu. Ni Drago Vesenjak, wa ng'ambo ya bonde. Ukoo wao tangu enzi za wafalme haujawahi kuwa na klopotec ya maana, zote zinalia kama kuku aliyekwamwa na mfupa. Lakini ushahidi sina. Nikanyamaza. Mimi nikinyamaza, mwanangu, hata mbwa anahama nyumba.

Mwaka huu mwezi wa sita ikaja Siku ya Mafundi kwenye ukumbi wa wazimamoto. Kila anayejua kutengeneza kitu analeta meza yake. Maktaba ya mji nayo ikaja. Mimi nilidhani maktaba ni ya watu wenye mikono myeupe, kumbe wamekuja na cherehani, na mashine inayochapa vikombe vya plastiki, na kabati zima la vifaa vya ufundi unavyoazima kama vitabu! Kulikuwa na sheria moja imeandikwa mlangoni: kila kilicho mezani kiguswe, kifunguliwe, watu wajifunze.

Katikati ya ukumbi, nani? Drago. Kaleta klopotec mpya, kaipaka rangi ya kijani, nyundo sita. Anapiga kelele kama mnadani, "Guseni, jamani! Fungueni! Msiogope, hapa mnajifunza kwa fundi!"

Nikasogea. Rangi ni mpya, lakini boliti nne za ubao zina vichwa vya pembe nne, zile alizofua mhunzi wa zamani. Nilizijua kama vidole vyangu.

Nikaenda kwa Bi Darinka, mwenye maktaba. "Mama, una spana ya boliti za pembe nne? Yangu iko nyumbani."

"Iko moja tu, mzee. Una kadi?"

"Kadi? Nina miaka sabini na tisa, sijaazima hata msumari!"

Akanitengenezea palepale. Nikaweka jina langu, herufi kubwa kama ng'ombe. Akaniletea spana, nzito, ya kizamani, imefungwa kikaratasi. Nikamwomba anisomee, miwani niliiacha. Akasoma, "Zawadi ya Bwana Drago Vesenjak."

Slavica, sikia hili. Amekazia boliti zetu kwa spana hiyo, halafu kaipeleka maktaba apigiwe makofi!

Nikarudi. "Jirani," nikamwambia, "nifundishe."

"Gustl! Karibu, karibu. Umri wa kujifunza haujakupita."

"Naweza kufungua?"

"Fungua hata zote! Ila taratibu, usije ukajiumiza."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, zaidi yao. Nikafungua ya kwanza, spana imekaa kama mguu kwenye soksi. Ya pili. Alipoiona vizuri ile spana, uso wake ukawa mweupe kama jibini. "Basi, Gustl, inatosha."

"Sheria ya mlangoni, jirani. Na wewe mwenyewe umesema zote."

Nikamaliza zote nne, nikaugeuza ubao. Alikuwa ameulaza kifudifudi, mwizi yule! Upande wa chini kuna vishimo vilivyochimbwa na nyundo miaka sitini. Nikawaambia watu wahesabu kwa sauti. Vinane. Yeye nyundo zake sita. Nikafungua mkoba wa Tilka, nikatoa zetu, maana tangu niliposikia ataleta klopotec sikuziacha nyumbani. Moja moja nikaziweka. Kila moja ikakaa kwenye shimo lake.

Tukaufunga ubao, tukapachika nyundo zangu, nikazungusha kwa mkono. Bibi Pepca, ambaye sikio moja halisikii kabisa, akainuka kwenye kiti. "Huyo si marehemu Kolednik, baba yako, Gustl?" Wazee wakavua kofia. Mimi vumbi liliniingia machoni.

Bi Darinka akaniuliza kama aite polisi. Polisi wa nini? Adhabu yao ina mwisho. Nilitaka kitu kimoja: Siku ya Jakob Mtakatifu, mwezi wa saba, tunapoinua klopotec, Drago aje kubeba mlingoti. Akaja. Nikamweka nyuma, kwenye tope. Wenzake wakanywa mvinyo, yeye nikampa maji, tena ya uvuguvugu. Ubao nimeuelekeza dirisha lake la chumbani. Mhimili nao nimesahau kuupaka mafuta. Uzee huu!

Juzi ilikuwa Martin tena, siku ya kushusha. Jioni akaja, kofia mkononi, macho mekundu.

"Jirani, zabibu zimekwisha. Ndege wamekwisha."

"Goti, Drago. Sipandi ngazi."

"Nitapanda mimi."

"Panda. Spana unayo?"

Jana akaenda maktaba. Bi Darinka akamwambia imeazimwa. "Lakini ni yangu!" "Ulitoa zawadi, Bwana Vesenjak. Tulikupigia makofi." Kila wiki tatu naenda kuongeza muda wa kukaa nayo. Bi Darinka anasema hajawahi kupata msomaji mwaminifu kama mimi.

Nisalimie mumeo na watoto. Tilka anakusalimu, na Bibi Pepca pia, anasema sasa anasikia kwa masikio mawili. Mungu akuwekee paa juu na mkate chini, na majirani wema kuliko wangu.

Nikifa, ubao ni wako, na spana iko chini ya godoro. Nimemuuliza Bi Darinka: hata kwa simu kutoka Australia mtu anaweza kuongeza muda.

Mjombako akupendaye wewe, na asiyemsamehe yule,

Gustl