Barua ya Kwenda Boston

Alhamisi, 2 Machi 1775

Leo nimeaibika. Mchungaji Danforth alikuja kumtembelea Mwalimu Leavitt, nami nikaitwa nisome zaburi niliyoitafsiri kwa Kilatini. Wiki tatu nimeihangaikia, kila watoto ninaowafundisha herufi jikoni kwetu walipoondoka. Nilifika mstari wa pili tu. Mwalimu akainua kidole.

"Kezia, hapo umemfanya Mungu mwanamke."

Kilatini kina maneno ya kiume na ya kike. Niliyachanganya. Kosa la mtoto. Mchungaji alicheka mpaka akatoa leso. Mwalimu naye akacheka — yeye aliyenifundisha tangu nina miaka tisa, wakati wasichana wengine wote hapa walifundishwa kusoma Biblia na kushona, basi.

Walipotoka kumwangalia farasi wa Mchungaji, nilibaki nikikusanya karatasi zangu. Mezani palikuwa na barua, wino haujakauka. Nikaisoma. Sikuwa na ruhusa. Mwalimu anamwandikia dada yake, Prudence, aliyeko Boston: kifua kinambana, amtafutie kitambaa cha sufu cha kujifunga, na jibini la mwaka huu limeoza lote. Hakuna zaidi.

Masikio bado yananiwaka.

Jumapili, 5 Machi

Mahubiri asubuhi, mahubiri alasiri. Leo miaka mitano tangu askari wa Mfalme wawapige watu risasi barabarani Boston. Mchungaji alihubiri habari za Farao. Wanaume wakavimba vifua kwenye mabenchi yao.

Mwalimu Leavitt alifumba macho hata baada ya "Amina". Midomo inatembea. Kila mtu anajua anamwombea Mfalme. Kalelewa kanisa la Kiingereza, na kile kitabu chao cha sala hakimtoki mfukoni.

Wakati wa chakula kaka yangu Asaheli hakuweza kunyamaza. Sasa yumo kwenye Kamati ya kijiji, ile inayowachunguza wafuasi wa Mfalme, na Kamati imempanda kichwani. Akasema mzee yule anakula mkate wetu na kumwombea adui yetu. Akauliza kama anaandikiana na mtu.

Nikasema nimeona barua.

"Ya kwenda wapi?"

"Boston."

"Kwa nani?"

Nikainua mabega. Nikamwongezea maharage kwenye sahani.

Nilijua ni kwa nani. Nilijua mpaka habari ya jibini. Asaheli aliweka kijiko chini taratibu, nami nikaona raha moyoni — raha kabisa, kama mtu aliyelipiza. Naandika hivi ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba niliwaza uhuru.

Alhamisi, 9 Machi

Wamemchukua Mwalimu.

Ilikuwa mchana, watoto wako jikoni wakisoma "a-b, ab". Tulisikia ngoma, kisha vicheko. Nikafunga dirisha. Mtoto mmoja akauliza kama ni arusi.

Wamempandisha kwenye boriti ya uzio, mguu huku na mguu kule, wakamzungusha mpaka mbele ya nyumba ya ibada. Shemasi Stroud, mkuu wa Kamati, akamtaka achane kitabu cha sala kwa mikono yake. Akakataa. Wakairusha boriti juu — kumtisha tu, anasema Asaheli. Mzee wa miaka sitini na miwili. Akaanguka kwenye mawe, paja likavunjika.

Asaheli hakula. Kasema haikupangwa iwe vile. Nikamuuliza kama jina langu lilitajwa. Akasema hapana, alisema tu "mtu wa kuaminika ameona".

Mtu wa kuaminika.

Na swali langu la kwanza lilikuwa hilo! Sikuuliza kwanza kama yu hai.

Jumatatu, 13 Machi

Shemasi Stroud alikuja na wazee wawili kuniomba nishike shule. Shule haina mwalimu, vijana wa chuo cha Harvard wote wanafanya mazoezi ya bunduki, na hapa hakuna mwingine mwenye hati nzuri na Kilatini. Hata kama mara nyingine anamvika Mungu gauni, akasema Shemasi. Kumbe kijiji kizima kimeisikia.

Nikasema ndiyo. Sikuomba hata siku moja ya kufikiri.

Nimekaa kwenye kiti chake. Mto wake ulikuwa bado upo, umebonyea katikati. Wavulana wakubwa walinitazama, wakangoja niseme neno juu yake. Niliwaambia wafungue ukurasa wa kumi na nne.

Ijumaa, 24 Machi

Siku kumi na tano sijaenda kumwona. Leo Bi Dorcas Peel alinisimamisha njiani. Ni mjane, hana uhusiano wowote na Mwalimu, lakini ndiye aliyemwokota pale mawe yalipo na kumlaza kwenye kitanda chake mwenyewe. Akasema mzee ananiuliza kila asubuhi, na kama naogopa Kamati, basi nipitie mlango wa nyuma.

Nikapitia mlango wa nyuma.

Amekonda. Mguu umefungwa kwenye mbao mbili. Alifurahi kuniona — ndicho kilichoniua. Akaomba radhi kwa kunicheka mbele ya Mchungaji. Alikuwa amejionyesha, akasema, alitaka Mchungaji aone mwanafunzi wake anafika mbali kiasi gani, na kosa dogo likampa nafasi ya mzaha. Amelifikiria sana kitandani.

Yeye ndiye anayeniomba radhi mimi.

Mkono wake unatetemeka, kwa hiyo aliniomba nimwandikie Prudence. Alisema maneno, nikaandika. Kwamba ameteleza kwenye barafu, dada asihangaike. Kwamba shule iko mikononi salama. Kisha: "Katika kijiji hiki amebaki mmoja ambaye hajanigeuka, ndiye anayeandika mstari huu."

Kalamu ilisimama. Akauliza kama nimekosa tahajia. Nikasema wino umeisha. Nikachovya, nikaandika. Kwa mkono wangu, kwa hati safi.

Barua iko ndani ya Biblia yangu. Sijaituma. Siku hizi anayekutwa na barua ya Boston anavuliwa mpaka soksi. Hiyo ndiyo sababu ninayojipa.

Alhamisi, 20 Aprili

Vita. Jana askari wa Mfalme walitoka Boston kwenda Concord kutafuta baruti. Kengele ililia alfajiri, Asaheli akaondoka na kipande cha mkate mdomoni.

Amerudi leo adhuhuri. Sikio moja halisikii, lakini mzima. Wamewapiga wale askari njia nzima mpaka mjini, kutoka nyuma ya kuta za mawe. Alikuwa anasimulia haraka haraka, anatembea huku na huku. Kisha akakaa chini akasema Lemuel amekufa.

Lemuel Stroud, mtoto wa Shemasi. Alikuwa rafiki yake tangu utotoni. Alioa Oktoba. Mwalimu ndiye aliyemfundisha kusoma, naye Lemuel alikuwa mzito wa kuelewa, miaka miwili kwenye kitabu kimoja.

Jumamosi, 22 Aprili

Tumemzika Lemuel. Mkewe hakulia. Alishika kofia yake tu, anaizungusha.

Makaburini watu wakaanza kuulizana. Askari walijuaje baruti ilipo? Nani aliwaambia? Sikuona aliyeanza. Nilisikia tu neno "barua" likitembea kutoka kinywa hadi kinywa, na mwisho likafika kwa Shemasi, amesimama mbele ya udongo mbichi. Akageuka akatazama upande wa nyumba ya Bi Dorcas.

Concord iko maili kumi na moja kutoka hapa! Mwalimu haijui baruti ya Concord zaidi ya ninavyoujua mwezi. Lakini aliandika barua ya kwenda Boston. Mtu wa kuaminika aliona.

Nilimfuata Asaheli zizini. Nikamwambia barua ile ilikuwa ya kwenda kwa dada wa Mwalimu, ya kitambaa cha sufu. Akaacha kumsugua farasi.

"Umejua lini?"

"Tangu siku ile."

Hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali. Akasema niende nyumbani nikae kimya, maana Shemasi amezika mtoto leo, na akisikia haya hatakuwa na wa kumshika ila mimi, na yeye Asaheli aliyelipeleka neno. "Shule utaisahau, Kezia. Na shule ni jambo dogo." Kisha akanigeuzia upande wa sikio lisilosikia.

Jumatano, 26 Aprili

Naandika kwa penseli, ndani ya nyumba ya ibada. Kamati imetoka nje kunywa maji na kushauriana.

Walimleta Mwalimu kwenye kiti, wanaume wanne wamembeba. Bi Dorcas alitembea kando, ameshika mguu wenye mbao usigonge. Watu wamejaa mpaka ghorofani. Wengine wanataka apelekwe gerezani. Wengine, huko nyuma, wanataja kamba.

Shemasi Stroud aliuliza kama mwezi wa tatu aliandika barua ya kwenda Boston. Akasema ndiyo. Kwa nani? Kwa dada yake. Ilisema nini? Mwalimu akaeleza kifua, sufu, jibini. Watu wakaguna. Shemasi akauliza iko wapi barua hiyo. Iko Boston, na Boston sasa imezingirwa. Basi nani atashuhudia?

Mwalimu akatazama mabenchi mpaka akaniona.

"Kezia Thurlow alikuwa nyumbani kwangu siku ile. Barua ilikuwa wazi mezani, na mtoto huyu hajawahi kupita mbele ya karatasi bila kuisoma. Muulizeni. Yeye hatasema uongo."

Watu wachache wakacheka, hata leo. Asaheli alikuwa amesimama ukutani. Alitikisa kichwa kidogo sana, mimi tu nikaona. Shemasi akasema wakirudi nitaitwa.

Watu nao wameshatoka nje, Asaheli pia. Bi Dorcas ameenda kutafuta blanketi. Mlinzi yuko mlangoni, anazungumza na mtu, ametupa mgongo. Tumebaki wawili humu, mimi na yeye. Hatua kumi na mbili kati yetu. Ningeweza kumwambia sasa, kabla hawajarudi, asisikie mara ya kwanza mbele ya watu. Nikisema tu kwamba barua ni ya sufu, watauliza kwa nini nilinyamaza wiki saba, na jibu litatoka. Nikisema sikuona kitu —

Sijasimama. Badala ya kusema naye, naandika. Robo saa nzima naandika.

Ameniuliza, kwa sauti ya darasani, ninaandika nini kwa bidii hivyo.

Nimemwambia ni masomo ya kesho.

Amesema nimpelekee aone, amechoka kutazama ukuta. Amenyoosha mkono. Haushuki. Nje nasikia viatu vya Kamati kwenye ngazi. Daftari hili lina kila kitu, tangu tarehe mbili Machi, hata ile raha.

Nimesimama. Naandika nikitembea, herufi zinapinda. Hatua ya nne. Ya tano