Ukoko wa Chokaa

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini kifua kilichokusumbua mwezi uliopita kimetulia na kazi huko uliko haikuchoshi kupita kiasi. Sisi tu wazima. Mama anasumbuliwa na magoti, ila sauti yake haijapungua hata kidogo.

Barua yako nimeipata. Unaniarifu kwamba unarudi kuoa tena, na unaniomba nimchagulie bibi harusi mashine ya kufulia, iwe imara, isije ikafa kama ile. Ili nikujibu sawasawa sina budi kuanza na istilahi moja. Maji magumu ni maji yaliyoyeyusha ndani yake kalsiamu na magnesiamu kwa kiasi cha kuzuia sabuni kutoa povu na cha kuacha ukoko mweupe kila yanapochemshwa, ila hayamdhuru anayeyanywa. Zishike sehemu zote za fasili hii, kwa sababu talaka yako ilipita katikati yake.

Utakumbuka kwamba vyombo ulivyovituma vilikufa kimoja baada ya kingine: birika la umeme, pasi ya mvuke, hita ya bafuni, mwisho mashine ya kufulia. Mama hakutafuta sababu, alitafuta mtu, na mtu aliyekuwa karibu ni mkeo. Akambandika jina la Mvunjaji na kulitumia hata mbele ya wageni: Mvunjaji alete vikombe, ila birika asiliguse.

Asubuhi moja tukinywa chai, shemeji alinionyesha ndani ya kifuniko cha birika, akaniuliza kwa adabu kama mimi, mpima maji wa miaka kumi na miwili, sioni kwamba weupe ule unatoka bombani. Nilimjibu, yeye fundi wa kushona nguo, kwamba kemia haisomewi kwenye cherehani. Mama alicheka hadi chai ikampalia.

Shemeji hakubishana. Alianza kumimina siki ndani ya birika na kuiacha ilale humo. Ukoko ukalainika, ukang'oka vipande vipande kama maganda ya yai. Mama akasikia harufu, akaingia jikoni, akainyakua chupa, akatangaza kwamba leo mwizi kakamatwa na mzigo mkononi.

Kikao cha familia kilikuwa Jumapili mchana. Wewe ulikuwapo kwa simu tu, ikiwa mezani, sauti imepandishwa, ubavuni mwa ile chupa. Yule fundi tunayemwita Koleo alimwambia mama kwamba muuaji wa vyombo vyake huingia kila siku kupitia bomba, wala habishi hodi. Mama akamjibu kwamba fundi anayepewa chai na Mvunjaji kila akija lazima aimbe wimbo wa Mvunjaji. Watu wakacheka, Koleo akafunga mkoba wake wa vifaa.

Kisha mama akanigeukia mimi, msomi wa nyumba, akataka niseme kama maji yetu ni mabaya. Nilisema ni salama kabisa. Wewe ukauliza kwenye simu kama siki inaweza kuharibu chuma. Nilisema asidi hula chuma. Majibu yote mawili ni sahihi. Ningeyatetea mbele ya jopo lolote. Shemeji alikuwa akinitazama, akisubiri sentensi ya tatu. Haikuja. Ulitamka uliyoyatamka, na simu ikakatika kabla hajainuka kwenye kiti.

Sasa ni miezi minane. Mama alipata birika jipya, akalifungia kabatini chumbani mwake, ufunguo shingoni, na hakuna mwingine aliyeligusa. Wiki iliyopita limekufa. Koleo alilipindua juu ya gazeti, ukadondoka ukoko wa unene wa ukucha. Mama anasema Mvunjaji ameacha mkosi wake ndani ya kuta. Katika kazi yangu, jaribio la namna hii huhesabiwa kuwa safi: mambo yote yamebaki kama yalivyokuwa, mtuhumiwa peke yake ameondolewa, na matokeo ni yale yale.

Ila mimi sikulihitaji jaribio hilo. Siku ile ile ya kifuniko nilibeba chupa ya maji ya bomba letu hadi maabara. Nilipata miligramu mia nne na kumi na mbili za chokaa katika kila lita. Kwa kipimo chetu, zaidi ya mia moja na themanini tu ni maji magumu sana. Shemeji alikuwa sahihi, nami nilikuwa nimeshamcheka mbele ya mama. Niliikunja karatasi, nikaiweka ndani ya kamusi. Ilikuwa humo kwa wiki mbili kabla ya kikao, na wakati wa kikao kamusi ilikuwa rafuni, nyuma ya kiti changu.

Juzi nilimpelekea shemeji karatasi hiyo. Anafanya kazi kwa dobi mtaa wa pili, ambako maji hupitishwa kwanza kwenye tangi la kuyalainisha; mashine zao zina miaka tisa na zinazunguka bila kelele. Alifuta mikono, akasoma, akaangalia tarehe zaidi kuliko alivyoangalia tarakimu. Akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba hilo yeye alilijua kabla yangu, na karatasi hakuwa na haja nayo. Alichohitaji siku ile ni shemeji yake kufungua mdomo. Akanirudishia, akasema nikutumie wewe. Imo humu ndani ya bahasha.

Kuhusu mashine: usinunue yoyote kabla ya kufunga kichujio cha kulainisha maji. Usipofunga, mhesabie bibi harusi wako miaka miwili.

Mama anakusalimu sana na ameshaanza kumsifu mkwe mpya kwa mikono yake laini. Koleo naye anakusalimu. Mimi nafunga kwa swali ambalo shemeji aliniuliza nikiwa mlangoni, na ambalo vipimo vyangu havilifikii: kama kweli angekuwa amelivunja lile birika kwa mikono yake mwenyewe, birika lingetosha kuvunja ndoa?

Ni mimi,
Kaka yako mkubwa