Kipimo Kilichoishia Mlangoni

Ijumaa, baada ya isha

Na nilivyojisifu mbele ya Bwana Shee, msimamizi wetu, nikimwonyesha ile mistari ya kijani ya kipimo kilichofaulu!

Kwenye kipimo hicho, mtambo wa kuita mashua ya wagonjwa ulistahimili maombi elfu kwa pamoja. Leo alasiri ndipo nilipojua kwa nini. Alama ya kujumlisha inayotangulia namba ya simu hugeuzwa msimbo kabla ya kutumwa. Mimi niliigeuza kwenye faili la namba za majaribio, programu ya kupima ikaigeuza tena. Seva ikaona namba haieleweki, ikakataa kila ombi papo hapo. Programu ikahesabu kila jibu, hata la kukataa, kuwa salama, kwa kuwa sikuiambia isome jibu lenyewe. Upuuzi mtupu.

Nimesahihisha, nikapima upya. Safari hii maombi yaliingia kweli, na mtambo ukaanguka kwa watu ishirini tu.

Nilimwomba Bwana Shee tuahirishe kuufungua mtambo. Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Nimetangaza msikitini leo, Athman, mbele ya watu wote. Kuanzia kesho wasimpigie nahodha wa mashua, waite mashua kwa mtambo. Sasa nitarudi kwa ndia gani?"

Akasema inshallah hawataugua wote siku moja. Wala haitahitajika waugue. Nawajua watu wetu, kesho kila mtu ataubonyeza auone tu.

Dada yangu Mwanaesha yuko kisiwani Ndau, atajifungua wakati wowote. Nimempigia nahodha nimwombe asiizime simu yake.

Ameshaizima.