Nimeshika Sikio Mara Mbili

Vasudha, hasira bado hazijaniisha. Gangadhar amenivunjia heshima mbele ya watu wote, kwenye kumbukumbu ya baba yangu, Appa. Gangadhar yule yule ninayemwita baba mdogo, aliyejifunza kuimba pamoja na Appa!

Nilitaka kuimba ule wimbo wa mvua alioutunga Appa. Nikashika sikio, kama waimbaji sote tunavyofanya kwa heshima tukimtaja mwalimu, nikasema, "Huu ni wa Appa."

Gangadhar akanidakia hapo hapo. "Appa, Appa, kila neno Appa! Binti, unajificha nyuma ya maiti ya baba yako ili tuogope kukukosoa?"

Maiti! Kasema maiti, na picha ya Appa ipo pale na shada bichi la maua.

Watu wakacheka. Nikamwambia, "Baba mdogo, nikikosea nikosoe. Nimesema ni wa nani, sijasema ni mzuri."

"Basi imba bila jina, tuone kama wimbo utasimama wenyewe."

Nikaimba bila jina. Hakuna aliyekohoa mpaka mwisho. Mama yako alikuwa analia.

Unajua Gangadhar alisema nini? Alitabasamu, akawageukia watu. "Mmeona? Umesimama wenyewe. Huu nilimfundisha marehemu mimi, enzi za ujana wetu."

Mimi! Kasema mimi, Vasudha!

Sikupiga kelele. Nilishika sikio tena, nikamkazia macho, nikataja jina zima la Appa. Si ili wauamini wimbo, maana walikuwa wameshausikia. Nilikuwa nautoa mkono wa mwizi mfukoni mwa baba yangu.