Evodie Alivyomrudisha Baba Yake Langoni

Kataki, Kalemie
Tarehe 9 mwezi wa sita, 2024

Mpendwa Yaya Edmond, kaka yangu,

Yambo sana, na yambo kwa nyumba yako yote huko Moba. Mgongo unaendeleaje? Nimesikia umeanza tena kuvuta nyavu kama kijana wa jana. Acha, Yaya, mwili si chuma! Sisi huku ni wazima. Shemeji yako, Papa Onésime, anakula, anakoroma, anagombana na redio. Tunamshukuru Mungu.

Neno ulilotuma kwa watu wa mashua limenifikia: kwamba mwanangu Evodie aache kazi, na asikanyage kwako mpaka amwombe baba yake radhi. Wewe ndiye mjomba wake, na bila wewe hakuna wa kupokea mahari yake mwezi wa nane. Ndiyo maana sikupiga simu. Simu inakatika, nami nilitaka usikie yote. Kaa chini usome.

Ni kweli, alimrudisha baba yake langoni. Unajua Evodie njo anachunga usalama wa wafanyakazi kwenye shantie ya meli, pale zinapotengenezwa, bandarini, kule ambako baba yake anachomelea vyuma tangu zamani. Mwaka huu wakapewa bote, viatu vigumu vya kazi, vyenye chuma mbele ya vidole. Bote nzuri, Yaya, zinang'aa! Basi wanaume wetu wakafanya nini? Wakaziweka za misa. Shemeji yako alizipaka siraje zing'ae kila Jumamosi, na Jumapili akipeleka matoleo kanisa lote linasikia ko! ko! ko! Jumatatu anaenda kazini na kandambili. Wote walikuwa hivyo. Kitu kipya namna ile, nani akitie kwenye kutu na mafuta?

Evodie aliwaambia kwa upole. Wakacheka, wakamwita Mama Kaske, kwa sababu ya ile kofia ngumu anayovaa. Aliyecheka kupita wote ni baba yake mwenyewe: "Mutoto niliyemubeba mugongoni njo atanifundisha kuvaa?" Na wenzake wakajificha nyuma ya maneno yake.

Asubuhi moja mtoto akasimama langoni, akamwambia mbele ya wote: "Papa, unisamehe, rudia nyumbani. Na kandambili hauingie." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakusogea.

Ee, mama yangu! Papa Onésime alifika hapa amevimba kama chura. Alikataa kula chakula cha mkono wa Evodie. Majirani wakasema mtoto ana laana. Dada za mume wangu wakaja kupiga kelele kama kwenye kilio. Hao ndio waliokutumia habari, nao wakaishia hapo. Mimi nakupa iliyobaki.

Baba akazivaa zile bote, akinuna. Na wenzake wote wakazivaa, maana kama amemrudisha baba mzazi, nani ataonewa huruma? Wiki iliyopita kamba ya kunyanyulia vyuma ilikatika, bamba zito likaanguka juu ya mguu wa Bonaventure, yule mrefu, mume wa Rosalie. Bote ilibonyea kama sufuria ya zamani. Vidole je? Vyote vipo! Anachechemea kidogo tu.

Jana Rosalie akaja na jogoo. Nikadhani anamtafuta Evodie. Hapana. Alipiga magoti mbele ya Papa Onésime: "Papa, ulibeba aibu mbele ya watu, na mume wangu akapona. Kama wewe ungeachiwa kupita, yeye pia angepita. Nakushukuru."

Mume wangu, bingwa wa maneno, alimpokea tu yule jogoo. Akabaki naye mikononi mpaka mgeni akaondoka. Halafu akamwita Evodie, akampa jogoo kwa mikono miwili, namna tunavyompa mkubwa. Evodie akalia, mimi nikalia, na jogoo naye akapiga kelele zake.

Na leo, baada ya misa, unajua alikuwa anasema nini nje ya kanisa? "Mimi njo mutu wa kwanza kurudishwa na binti yangu!" Anajisifu, Yaya! Utafikiri amepewa medali.

Nami najivunia mtoto wangu, nasema wazi, sioni haya. Ukaidi ule ni wa damu yetu, na wewe unajua aliutoa kwa nani.

Nisalimie Mama Odile, na Ruben, na Lucie na mtoto wake mchanga. Mungu awalinde kichwa mpaka unyayo, ziwani na nchi kavu.

Mwezi wa nane tunakungoja, Yaya. Papa Onésime amesema ukikataa, atapanda mashua yeye mwenyewe, akuombe radhi kwa ajili ya binti yake, mbele ya watu wako wote. Na unamjua mwanaume huyu: tangu anioe hajawahi kumwomba mtu radhi, hata mimi.

Mdogo wako, akupendaye hata ukimkasirisha,
Domitille